Diski ya Ng'ambo na Sheria ya Chupa Tupu

Vijana mtakaokaa kwenye kile chumba cha seva baada yangu, shikamoo zenu nimeshazipokea, sasa vuteni viti msome. Nimestaafu, sijafa. Atakayefanya ovyo nitasikia, na kutoka kwangu Kirumba, hapahapa Mwanza, mpaka hospitalini si mbali. Nina miguu.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Naandika kama ninavyosema. Mjukuu wangu alitaka kuninyooshea sentensi, nimemwondoa mezani akatafute kazi ya kufanya. Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu, hizo zina ofisi yake. Niliingia nikiwa mhudumu wa masjala, nikatoka nikiitwa jina refu kidogo, ila funguo ni zilezile.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Magesa, mkuu wa masjala, Mjita mmoja mrefu asiyecheka kabla ya saa nne. Masjala kwa wasioijua ni kile chumba cha mafaili ya wagonjwa. Alinipa ufagio, kitambaa kikavu na stuli ya kufikia rafu za juu. Akaniambia, "Mama Zuhura, hapa unaona makaratasi, lakini hawa ni watu wamelala. Ukiweka faili pasipo pake umempoteza mtu, na ndugu zake watakuja kukuuliza wewe." Nikadhani ananitisha ili nisichelewe kazini. Kumbe ndivyo alivyo. Alikuwa anagonga mlango wa masjala kabla ya kuingia, hata kama ndani hakuna mtu.

Kazi niliijua kweli mwaka ule mvua ilipopasua bati. Tulikuta rafu nzima ya mafaili imelowa chapachapa, wino unatembea. Mzee Magesa hakupiga kelele. Aliamuru tuyatoe nje tuyaanike kwenye yale mawe makubwa nyuma ya jiko la hospitali, kila karatasi na kokoto lake juu. Ukipita kwa mbali ungesema tunaanika dagaa. Mchana upepo wa ziwani ukaja, ukachukua ulichotaka. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaacha foleni, wakakimbiza. Baba mmoja alirudi anahema, karatasi ameinyanyua juu, anapaza sauti, "Mama, hii si yangu, lakini huyu mtu ana kisukari, mtafuteni!" Na foleni yote ikageuka kumtafuta mwenye kisukari.

Tulicheka, lakini wapo ambao karatasi zao hazikurudi. Tangu siku hiyo Mzee Magesa akaweka sheria kwamba nakala isilale paa moja na mwenzake. Tukawa tunanakili kwa mkono majina na magonjwa makubwa, nakala inakwenda kulala stoo ya shule ya msingi ya jirani. Vidole vyangu vilijifunza kuandika hapo kuliko darasani.

Kompyuta zilipofika, yeye alikuwa ameshastaafu. Akaletwa Deo, kijana wa Ukerewe, msomi wa chuo, mwembamba, mwenye adabu na usingizi mwingi. Seva ikawekwa kwenye kilichokuwa chumba cha mashuka. Deo akanieleza, "Bibi, hii inaitwa databesi. Chukua masjala yote ya Mzee Magesa, iingize kwenye sanduku hili, halafu uweze kumpata mtu yeyote kwa kuandika jina lake." Nikamuuliza, na bati likipasuka? Akasema swali zuri sana hilo, na akaacha chai yake ipoe akinichorea kwenye ubao.

Hapo ndipo nilipojifunza bakapu, yaani nakala za akiba, na namna alivyonifundisha ndivyo ninavyowafundisha ninyi. Databesi inanakiliwa kila siku kwenye mashine nyingine iliyounganishwa nayo kwa waya. Hiyo ni nzuri kwa siku seva inapougua. Lakini kwa sababu zimeunganishwa, baya likiingia huku linapita kwenye waya mpaka kule. Kwa hiyo lazima iwepo nakala ambayo haijachomekwa popote, haina waya, imekaa tu kwenye kabati kama sufuria la akiba. Ikishamaliza kunakili inachomolewa hapohapo. Msiseme mtaichomoa mkitoka kunywa chai.

Tulikuwa na diski tatu. Nilizishonea mifuko ili zisikwaruzike, mmoja wa kaki, mmoja wa buluu, mmoja wa kitenge cha majogoo. Kila Alhamisi moja ilinakiliwa, ikachomolewa, ikavuka maji kwenda kulala kwenye zahanati yetu ndogo iliyoko upande wa Sengerema, ukishuka Kamanga unatembea kidogo tu. Iliyokuwa kule ikarudi mjini. Ya tatu ikabaki kwenye kabati la chuma. Mvushaji nilikuwa mimi. Niliibeba ndani ya hotpoti, maana hotpoti ina kifuniko kinachobana, maji hayapiti, na mwizi wa kivukoni akiona bibi na hotpoti anafikiria ugali.

Tatizo ni kwamba na wengine wote wanafikiria ugali. "Mama, leo umepika nini?" Nawajibu, "Majina ya watu." Wanacheka, wananisogezea nafasi ya kukaa.

Tena msidharau kazi za mkono. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama moshi na kuingia mpaka kwenye chai, wanaipenda sana feni ya seva. Feni ikijaa wadudu mashine inapata joto, ikipata joto inajizima. Brashi ndogo ya rangi, mpya, kavu, ndiyo dawa. Iko kwenye droo ya chini. Ni ya seva, si ya kupaka rangi dirisha, namwambia yule aliyeichukua mara ya mwisho.

Sasa nije kwa Bi Mbuke. Huyu ndiye mtunza stoo wa zahanati ya ng'ambo, mwanamke wa Kisukuma wa rika langu, mpana, sauti yake inafika kivukoni bila simu. Kabla ya kuajiriwa zahanati alikuwa akiuza soda palepale penye gati. Mara ya pili nilipokwenda nilikuwa na haraka, nikataka nichukue diski iliyoko kwake, niliyoibeba niitoe baadaye kwenye hotpoti. Akaweka mkono juu ya kabati.

"Chupa iko wapi?"

"Chupa gani?"

"Mimi sitoi soda bila chupa tupu. Weka yako hapa, ndipo uchukue ya hapa."

"Bi Mbuke, hii si soda."

"Najua si soda. Ingekuwa soda ningekuamini."

Nilikasirika, nikaweka. Nilipofika mjini nikamsimulia Deo nikitegemea ataniunga mkono. Deo akapiga meza kwa furaha. Akasema huyo mama ametunga sheria bora kuliko zile za kwenye kitabu chake, kwa sababu kwa namna hiyo kule ng'ambo hapatakuwa patupu hata saa moja. Ikawa sheria. Diski haitoki mpaka nyingine imeingia. Tukaiita chupa tupu, ingawa iliyojaa ndiyo iliyokuwa ikiingia.

Na kila mwezi tulifanya zoezi la kurejesha. Tulikuwa na kompyuta moja kuukuu isiyounganishwa na kitu. Deo anasafisha kila kilichomo, anarudisha databesi kutoka kwenye diski mpaka mwisho, halafu ananiambia, "Bibi, jina." Mimi nataja mgonjwa yeyote ninayemkumbuka, tunamtafuta, tukimpata na habari zake zote tunafunga. Zoezi la kwanza hatukumpata mtu. Wala mmoja. Kompyuta ilikuwa imeelekezwa kunakili mahali ambapo hapana kitu, na mimi nilikuwa nimeshavuka ziwa mara kadhaa na hotpoti yenye hewa. Deo aligeuka rangi. Mimi nilimwambia ashukuru Mungu tumejua siku isiyo na mgonjwa. Bakapu ambayo hamjawahi kuirudisha, msije mkaniambia mnayo.

Sasa kisa chenyewe, kile ambacho mmeshakisikia nusunusu kantini na kuongezwa chumvi.

Tulikuwa tunasubiri wageni, watu waliochangia hospitali, waje Jumatatu kuona kazi. Mkuu wetu wa utawala alikuwa Bi Konsolata, mama mchapakazi, na mkarimu kupita kiasi. Mgeni kwake lazima akute kila kitu kimeoshwa, kimepakwa rangi na kimefunikwa kitambaa. Akataka na chumba cha seva kiwe kwenye mzunguko wa wageni. Mimi mwenyewe nilipiga pasi kitambaa cha meza, cheupe, chenye maua pembeni.

Akaja kukagua, akaona diski mbili zimelala kwenye kitambaa, moja ya kaki, moja ya buluu.

"Mama Zuhura, mbona zimezimika?"

"Ndivyo zinavyokaa."

"Wageni watasema tunawaonyesha mayai viza. Deo, zichomeke, taa ziwake. Zile taa za buluu ni nzuri."

Deo akasema, "Mama, kazi ya hizi ni kutochomekwa."

"Mpaka Jumatatu tu, baba. Wageni wakiondoka unachomoa."

Deo akaniangalia, nami nikamwangalia. Mtu anayengoja wageni hapa kwetu humbishii, unasogeza viti. Zikachomekwa. Taa zikawaka, na kweli zilipendeza. Bi Konsolata akataka na ya tatu ije, ziwe tatu mezani. Safari yangu ya Alhamisi ilikuwa imefutwa kwa ajili ya usafi, kwa hiyo akamtuma dereva Kamanga akailete. Dereva akarudi mikono mitupu.

"Kasemaje?" akaulizwa.

"Kaniuliza chupa iko wapi. Nikamwambia nimetumwa na mkuu. Akasema mkuu naye aje na chupa."

Bi Konsolata akacheka, akasema basi mbili zinatosha.

Jumamosi asubuhi mtu mmoja wa ofisini, sitamtaja, alileta flashi yenye nyimbo za kukaribishia wageni, akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi ili wajaribu spika. Nyimbo ziliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Wimbo wa pili haujaisha, kioo cha kompyuta ya mapokezi kikawa chekundu. Ikafuata ya famasia. Ikafuata ya maabara. Nilimwona Deo anapita mbio kwenye ukumbi aking'oa waya ukutani kwa mikono miwili, wengine wakidhani amerukwa na akili. Alipofika kwenye seva ilikuwa imeshakwisha. Kwenye kioo palikuwa na maandishi ya Kiingereza na saa inayohesabu kurudi nyuma.

"Wanasemaje?" nikamuuliza.

"Wametufungia kila kitu, Bibi. Wanataka tuwalipe ndipo wafungue."

"Wako wapi?"

"Hatujui."

"Basi wasubiri."

Akazigusa zile diski mbili zenye taa nzuri. Zilikuwa zimechomekwa, kwa hiyo zilifungwa pamoja na seva. Kijana wa watu akakaa sakafuni na suruali yake ya Jumamosi. Bi Konsolata alikuwa amesimama mlangoni na chombo cha maua mkononi.

Hapo ndipo Dokta Anitha alipoingia. Yeye ndiye daktari wa kliniki ya selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao watoto wa huku kwetu wanazaliwa nao wengi. Alikuwa amemshika mkono mama mmoja mwenye khanga iliyolowa pindoni.

"Deo, nahitaji rekodi za Kabula. Sasa hivi."

Kabula alikuwa binti wa miaka tisa kutoka visiwani. Ameletwa asubuhi ile damu imeshuka vibaya, midomo myeupe, hata kulia hana nguvu. Lazima aongezewe. Kadi yake ilikuwa imebaki kisiwani, na baba yake alikuwa ziwani na wavuvi wenzake, simu haipatikani.

Bi Konsolata akauliza kwa sauti ndogo, "Si apimwe tu sasa hivi, dokta, apewe inayofanana?"

Dokta Anitha akajibu kwa haraka lakini kwa upole. "Mama, huyu mtoto mwili wake uliwahi kuikataa damu fulani. Mwili unaweka kinyongo. Kinyongo kikikaa muda mrefu kipimo hakikioni tena, unadhani kimekwisha. Ukimpa damu ya namna ileile kinaamka, na kwa hali yake ya leo hatakihimili. Lazima nijue ni damu ya namna gani aliikataa. Tuliiandika humo ndani. Nitamshikilia mpaka jioni. Zaidi ya hapo siahidi."

Wote tukaitazama ile saa inayohesabu kurudi nyuma. Mama Kabula hakuwa akiitazama. Alikuwa akinitazama mimi.

"Wewe si mama wa hotpoti?" akasema. "Siku tulipotoka wodini mara ya mwisho tulivuka pamoja. Kabula alikuomba aonje, ukamwambia majina hayaliwi."

Nikakumbuka. Katoto kenye ushungi wa manjano, kalininunia mpaka tunashuka. Ilikuwa Alhamisi, na diski iliyokuwa kwenye hotpoti ilinakiliwa asubuhi ile, Kabula ameshamaliza matibabu. Zilizofuata zote zilikuwa naye ndani. Na ya mwisho kuvuka, ya majogoo, ilikuwa kwa Bi Mbuke.

Deo alisimama kabla sijamaliza kuwaeleza hayo.

Nilimpigia Bi Mbuke nimwambie ampe muuguzi yeyote anayevuka. Mnajua alichojibu. Basi nikachukua hotpoti. Bi Konsolata mwenyewe ndiye aliyenipeleka kivukoni kwa gari la hospitali. Tulipofika akasema, "Mama Zuhura, mwambie nimemwomba." Siku hizi mna daraja la Kigongo mnavuka mnavyotaka, lakini kwa sisi wa mjini Kamanga ilikuwa karibu, ila kivuko hakikimbii kwa sababu wewe una haraka. Nilisimama njia nzima, kana kwamba nikikaa kitapunguza mwendo.

Nilimkuta Bi Mbuke amekaa mlangoni pa stoo yake.

"Chupa iko wapi?"

"Zimevunjika."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Kuna mtoto anasubiri damu. Kila kinachojulikana juu yake kimo humo kwenye kabati lako."

Niliona anapiga hesabu za dukani. "Kwa hiyo hii ndiyo soda ya mwisho."

"Ndiyo hiyo."

"Soda ya mwisho haitoki bila mwenye duka," akasema. Akafunga stoo, akampa muuguzi funguo, akajifunga khanga kiunoni, akaipakata diski na mfuko wake wa majogoo. "Twende. Lakini haitoki mkononi mwangu mpaka nimeona inapowekwa."

Niliona bora hivyo kuliko kubishana. Kwenye kivuko aliiweka ndani ya hotpoti, na hotpoti akaiweka mapajani. Kijana mmoja aliyenizoea akaanza, "Bibi, leo mmepika..." Bi Mbuke akamgeukia. "Ukigusa kifuniko utaogelea mpaka Mwanza." Kijana akahamia upande mwingine.

Huku nyuma Deo alikuwa amefanya kazi ya maana. Hakuna kompyuta hospitalini aliyoiamini, kwa sababu yoyote iliyokuwa kwenye waya ingeweza kuwa na wezi ndani. Hata ile kuukuu ya mazoezi mtu alikuwa ameichomeka kwenye waya ili ionekane inafanya kazi mbele ya wageni. Ilibaki moja tu safi, laptopu mpya ndani ya boksi, imefungwa utepe mwekundu, ikingoja mgeni mkuu aukate Jumatatu. Deo alikuwa akizunguka akitafuta namna ya kuiomba. Bi Konsolata aliporudi kutoka kivukoni akachukua mkasi, akaukata utepe yeye mwenyewe, bila mgeni wala hotuba. Akasema, "Imezinduliwa. Fanya kazi."

Tulipofika na hotpoti, chumba kilijaa watu wanaotaka kusaidia kwa kuuliza maswali. Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Niliwatoa wote nikasimama mlangoni. Mhasibu akasema anataka kuangalia tu. Nikamwambia akaangalie ziwa.

Ndani tulibaki mimi na Deo, Dokta Anitha, na Bi Mbuke kwenye stuli. Deo akaomba diski. Bi Mbuke akamuuliza, "Kwa nini usiirudishe kwenye hilo sanduku kubwa?"

"Sanduku bado lina wezi, Bibi. Nikiichomeka pale na hii tumeipoteza."

"Na hicho kidogo?"

"Hiki kimetoka kwenye boksi sasa hivi, umeuona utepe. Hakina waya. Na hata hapa sitafanya kazi juu ya diski yako. Nainakili kwanza, nakurudishia, ndipo nafanya kazi kwenye nakala."

Bi Mbuke akaridhika, akaitoa. Akaishika kwa waya wake wakati inanakili, kama mtu anayeshika mbuzi kamba. Mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo. Dokta akawa anatoka kwenda wodini na kurudi, kila akirudi anatazama mstari bila kuuliza. Ulipofika mwisho Deo akachomoa diski hapohapo, akampa mwenyewe, ikaingia hotpoti, kifuniko kikabana.

Akaanza kurejesha. Ikakataa. Maandishi mekundu. Deo akasoma, akakwaruza kichwa, akasema laptopu ni mpya mno na haina programu ya databesi inayoelewana na nakala yetu, na ya kupakua kwenye mtandao hathubutu. Halafu akatabasamu. Wakati wa yale mazoezi alikuwa ameshakwama hivyohivyo, na tangu hapo programu yenyewe aliiweka ndani ya diski pamoja na databesi. Kwa hiyo tulikuwa nayo tayari. Akaipachika, akaanza upya. Safari hii ikaenda. Iliposimama akageuka kwangu, jasho linatiririka, akasema kama siku zote, "Bibi, jina."

Nikasema, "Kabula." Nikamtajia na jina la baba yake na kisiwa chao.

Akaandika. Akatokea.

Dokta Anitha aliinama, akapitisha kidole kwenye kioo mstari kwa mstari, midomo inacheza. Akasimamisha kidole. "Hii hapa," akasema. Akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akatoka mbio na viatu vya visigino, tukavisikia mpaka mwisho wa korido.

Bi Mbuke akauliza, "Ndio imekwisha hivyo?"

"Ndiyo," Deo akasema.

"Na hata soda hamnipi?"

Bi Konsolata akamletea mbili kutoka kwenye kreti za wageni.

Kazi ya wiki iliyofuata ilikuwa ndefu na haina utamu. Seva ilifutwa yote ikajengwa upya. Habari za zile siku ambazo hazikuwemo kwenye diski tuliziingiza tena moja moja kutoka kwenye karatasi za maabara na vichwa vya wauguzi. Wageni walikuja Jumatatu kama walivyosema. Hawakuona taa za buluu. Bi Konsolata aliwaonyesha diski mbili zilizoharibika juu ya kitambaa nilichokipiga pasi, akawaeleza yeye mwenyewe kilichotokea tangu mwanzo, na mimi nilimheshimu siku ile kuliko siku zote. Waliomba kumwona Bi Mbuke. Alikuwa ameshavuka na diski yake, na safari hii aliondoka na risiti.

Kabula alipona. Sasa yuko sekondari, akija kliniki anapitia kwangu na kumaliza karanga, na ananidai bado kile chakula cha kwenye hotpoti. Damu iliyomwinua ilikuwa mifuko miwili. Wa kwanza ulipatikana kwenye friji ya hospitali, na ndio pekee uliomfaa. Wa pili alipewa kesho yake. Ulikuwa wa mkwe wangu Shabani, ambaye tangu siku ile anatembea barabarani kama mwenye kiwanja, na mgeni hakai nyumbani kwangu bila kuonyeshwa mkono wake. Kwa hiyo nieleze ukweli ulivyokuwa.

Jumamosi ile Dokta Anitha alirudi kwenye chumba cha seva kabla Bi Mbuke hajamaliza soda ya pili. Akasema anahitaji watu wa kundi O, wengi, awapime apate yule ambaye damu yake mwili wa Kabula hautaigombania. Nyumba yangu imejaa kundi O, tunajua tangu binti yangu alipojifungua. Nikaomba gari.

Niliwakuta wote ukumbini, maana tulikuwa tunajiandaa na harusi ya mjukuu wangu wa kiume. Wanawake wanamenya vitunguu saumu, wanaume wametawanyika mbele ya televisheni wanafundisha wachezaji mpira, pilau iko jikoni imeiva. Shabani aliona gari la hospitali nje, akaona uso wangu, akainuka taratibu kuelekea mlango wa uani. Sindano anaziogopa tangu utoto, jambo hilo mtaa mzima unalijua.

Nikasimama katikati ya ukumbi, nikawaambia, "Zimeni televisheni. Pakueni pilau, kila mtu ale ashibe, anywe na maji. Mwenye miaka kumi na nane na kuendelea avae nguo ya mikono mifupi, aingie kwenye gari. Bwana harusi naye. Na wewe Shabani, rudi hapa. Utakaa siti ya mbele, nikuone."